Nguruwe pori wa Marekani: hawakutembea, walipakiwa kwenye gari (uzi mrefu, vuta kiti)

Dereva_wa_Trekta (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi niliuahidi tangu ile siku nimesema kwenye mada ya kitimoto (nyama ya nguruwe) kwamba huku Texas watu wanawapiga nguruwe risasi toka kwenye helikopta, mkasema nawapiga fiksi. Leo mvua imenyesha, shamba halikanyagiki, nina muda.

Niko huku mwaka wa saba. Naendesha trekta kwa mzee mmoja wa Kizungu, analima mahindi na karanga, na ng'ombe anao. Msimu wangu wa kwanza tulimaliza kupanda mahindi Jumatatu jioni, Jumatano asubuhi naingia shamba nakuta mistari mirefu imefukuliwa mbegu moja baada ya nyingine, kashimo, kashimo, kashimo, kama kuna mtu kapita na kijiko. Mashine inapanda kwa nafasi ileile, sasa huyo mfukuaji akishapata mbegu mbili tatu za kwanza keshajua mchezo, anafuata mstari na pua mpaka mwisho wa shamba. Nikamuuliza mzee hii ni nini, panya? Akanionyesha nyayo kwenye tope. Nguruwe. Usiku mmoja, mbegu, dizeli na siku yangu nzima vyote kwaheri, turudie.

Tangu siku hiyo nimekuwa nawasoma hawa viumbe kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote shuleni. Na nilichogundua ndo hicho kichwa cha uzi. Hili janga Wamarekani hawakulikuta, walilibeba wenyewe, kwanza kwa meli, baadaye kwa treni, siku hizi kwa trela nyuma ya pikapu saa nane usiku.

Tuanze mwanzo. Bara zima la Amerika halikuwa na nguruwe. Kuna mnyama wanamwita pekari, ukimwona kwa mbali unasema huyu nguruwe, lakini ni familia nyingine kabisa. Nguruwe tunayemzungumzia, wa kufugwa na wa mwituni, ni spishi moja, Sus scrofa, asili yake Ulaya, Asia na kaskazini mwa Afrika. Columbus ndo aliwaleta visiwa vya Karibi kwenye safari yake ya pili, 1493. Halafu 1539 Mhispania mmoja, Hernando de Soto, akashuka Florida na msafara wa askari, farasi na nguruwe 13 hivi, chakula kinachojitembeza chenyewe. Jamaa anazunguka kusini yote anatafuta dhahabu, dhahabu hapati, ila nguruwe nyuma yake wanazaa tu. Alipokufa 1542 wakapiga mnada mali zake: watumwa wachache, farasi 3, na nguruwe 700. Miaka mitatu hiyo, tena wakiwa wanachinja njiani, wengine wanatoroka, wengine wanaibiwa. Hiyo hesabu ishike.

Walowezi waliofuata nao walikuwa hawajengi banda. Utaratibu ulikuwa unazungushia uzio mazao, mifugo inazurura. Nguruwe anakatwa alama sikioni, anaachiwa porini ale matunda ya mialoni, mwisho wa mwaka mnamsaka mnachinja. Asiyepatikana ndo kashakuwa wa porini hivyo. Kwahiyo kwa miaka kama mia tatu kusini ya Marekani ilikuwa na nguruwe wasio na mwenyewe, na hakuna aliyeona shida.

Shida ilianza na matajiri. Naendelea, msinikatishe.

Kitimoto_Sugu

Nimeweka siti mbele kabisa, ndizi na pilipili viko tayari. Endelea mkuu.

Dereva_wa_Trekta

Haya. Mwishoni mwa miaka ya 1800 tajiri wa reli na benki, Austin Corbin, akajitengenezea hifadhi yake binafsi kule New Hampshire akaagiza nguruwe mwitu halisi toka Ulaya, wale wenye manyoya magumu, mabega makubwa na pua ndefu, ili wenzake waje kuwinda. 1912 mwingine, George Gordon Moore, akafanya hivyohivyo kwenye milima ya North Carolina, mahali panaitwa Hooper Bald. Uzio wa magogo. We nguruwe umwekee uzio wa magogo! Mpaka miaka ya 1920 wameshatoka wako milimani wanachanganya damu na wale wa walowezi. Moore huyohuyo baadaye akahamia California, na unadhani alienda na nini? Texas nako miaka ya 1930 wakaletwa wengine kwenye maranchi.

Sasa hapo ndo kwenye mkorogo. Wa kufugwa na wa mwitu wanapandana bila tabu na watoto wao wanazaa. Kwa hiyo unapata mnyama ana uzazi wa yule wa bandani ambaye binadamu kamchagua karne na karne azae wengi, na ana akili, manyoya na hasira za yule wa msitu wa Ulaya. Ukikutana nao huku hawafanani hata kidogo, mmoja mweusi tii, mwingine ana mabaka, mwingine kahawia, watoto wengine wana mistari kama tikitimaji. Kundi moja hilohilo.

Mama Jeni

Samahani kaka, naomba kuuliza, hao ndo ngiri? Au ni wale nguruwe pori wanaomaliza mihogo yetu Kilombero?

Dereva_wa_Trekta

Dada Mama Jeni, hapana, ni watu watatu tofauti. Ngiri ni yule mwenye vinundu usoni anayekimbia mkia juu kama antena. Nguruwe pori wa kwetu, anayekula mihogo yako usiku, ni mwingine. Wote wawili wa Afrika, wako kwao, chui anawajua, fisi anawajua, simba anawajua vizuri sana. Huyu wa huku ni mgeni. Mbwamwitu wa huku walishamalizwa karibu kote kusini, kwahiyo nguruwe akishakuwa mkubwa hana wa kumuuliza zaidi ya mtu na gari.

Afu kuna kichekesho, kusini mwa Texas wameonekana ngiri kabisa, wa Afrika, wametoroka kwenye maranchi ya wanyama wa kigeni. Yaani hawa jamaa hawajifunzi.

BwanaMifugo_Makete

Ngoja nichangie kitaalamu kidogo kuhusu uzazi maana naona watu wanachukulia poa. Mimba ya nguruwe ni siku 115 hivi, sisi tunawafundisha wafugaji miezi mitatu wiki tatu siku tatu. Jike anaweza kushika mimba ana miezi sita mpaka minane tu. Porini anazaa wanne mpaka sita kwa kawaida, chakula kikiwa kingi zaidi ya hapo, na akipata hali nzuri anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Hakuna mnyama mwingine wa mwili ule anayezaa hivyo. Swala, paa, nyati, wote hao wanaleta mmoja mmoja. Nguruwe anazaa kama sungura akiwa na mwili wa kilo themanini.

Dereva_wa_Trekta

Asante bwana mifugo, hapo umenirahisishia. Wazee wa huku wana utani wao, nguruwe akizaa kumi wanabaki kumi na wawili.

Ndo maana watafiti wanasema ili idadi ishuke inabidi uondoe kama asilimia 70 ya nguruwe wote kila mwaka. Kila mwaka wakuu, sio mara moja ukapumzika. Texas pamoja na bunduki zote hizi unazoziona, makadirio ni kwamba wanaondoa chini ya theluthi. Wanaobaki wana chakula kingi zaidi maana wenzao wamepungua, wanazaa vizuri zaidi, mwaka unaofuata mko palepale.

Takwimu za haraka: 1982 walikuwa kwenye majimbo 17. Sasa ni 35 hivi. Nchi nzima wanazidi milioni 6, Texas peke yake zaidi ya milioni mbili na nusu, na kati ya kaunti 254 za Texas wako 253. Hasara kwenye kilimo inakadiriwa bilioni mbili na nusu za dola kwa mwaka, na makadirio mapya yanapanda zaidi.

mzee_wa_code

Hapo kwenye 17 mpaka 35 ndani ya miaka 40 pananipa mashaka. Karne nne walikaa kusini wametulia halafu ghafla wanaruka majimbo 18? Nguruwe anatembea umbali gani?

Dereva_wa_Trekta

Umeona eeh. Swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu.

Hatembei. Kundi la majike na watoto wao linakaa eneo lake dogo tu, maji yapo, chakula kipo, kichaka kipo, linaenda wapi? Likipanuka linapanuka taratibu. Sasa ramani za huku zinaonyesha nguruwe wanazuka sehemu mpya iko mamia ya kilomita toka kundi la karibu. Wakipima vinasaba wanakuta ndugu zao wako jimbo jingine kabisa. Nguruwe hana leseni ya udereva.

Ni wawindaji. Miaka ya 80 na 90 uwindaji wa nguruwe ukawa mchezo mkubwa, magazeti, vipindi vya tivii, na raha yake hauna msimu. Swala wa huku ana msimu, ana kibali, ana idadi. Nguruwe unapiga mwaka mzima. Sasa jamaa anaishi sehemu haina nguruwe, anakuja kusini ananunua watano hai, anawapakia kwenye trela, anawaachia msitu wa nyuma ya kwao, anasubiri miaka miwili. Ni kosa la jinai karibu kila mahali, ila nani atamkamata usiku?

Mfano mzuri ni Tennessee. Kabla ya 1999 nguruwe walikuwa kwenye kaunti chache tu za mlimani. Serikali ikasema ngoja tufungue uwindaji jimbo zima, mwaka mzima, ua unavyotaka, watawamaliza. Miaka kumi na kitu baadaye nguruwe wako kaunti karibu 80. Kila mtu alitaka wa kwake wa kuwinda! 2011 wakageuza kibao, nguruwe akatolewa kwenye orodha ya wanyama wa kuwindwa. New York wao walikuwa na wachache, wakapiga marufuku kuwafuga na kuwawinda, wakaachia mitego ya serikali ifanye kazi kimya kimya, 2016 wakatangaza wamewamaliza. Ukimweleza mtu wa Texas kwamba ili umalize nguruwe uache kuwawinda anakuangalia kama umechanganyikiwa.

Kitimoto_Sugu

Mkuu mimi nina suluhisho la bure. Tuleteeni hao nguruwe wote milioni sita hapa Sinza, Dar, tupeni miezi mitatu.

Kasongo_Houston

😂😂 Bana Tanzania munapenda ile nyama. Mie nilitumika miaka mbili pa kiwanda ya nyama huku Texas. Nguruwe ya pori inafika muzima, haina kupigwa masasi, kisha munganga wa serikali anaangalia mbele na nyuma ya kuchinja. Ukiua mu pori unaweza kula kwako, kuuzisha hapana. Na kapitaine wetu alikuwa anatukataza kushika ndani ya tumbo bila ganti, kuko ugonjwa.

Dereva_wa_Trekta

Kweli kabisa ndugu Kasongo. Ugonjwa wenyewe ni brusela, unaingia kwa damu kwenye kidonda kidogo tu mkononi, unapata homa inayoenda na kurudi kama malaria isiyopona, viungo vinauma. Mzee wangu anavaa glavu mpaka kwenye viwiko. Nyama nayo iive mpaka ndani kabisa maana kuna minyoo ya kwenye misuli. Na dume kubwa likipikwa, Sugu, hata wewe na pilipili yako utatoka nje. Harufu.

Ila mimi kinachonisumbua na soko ni kitu kingine. Nguruwe akiwa na bei, kuna mtu atataka asiishe. Ilitokea 2017, kamishna wa kilimo wa Texas, Sid Miller, akaruhusu sumu ya warfarini, ileile ya panya. Waliosimama kuipinga sio wapenda wanyama peke yao. Wawindaji walikuwepo, na kampuni ya nyama ya nguruwe ikaenda mahakamani, zoezi likakwama. Kwahiyo adui namba moja wa shamba letu ana mawakili.

MwanaPemba

Assalamu alaykum. Mimi hii mada ya kitimoto siitaki lakini historia naisoma. Kwetu Pemba nguruwe wapo maporini na wanatumaliza mihogo na viazi, na wazee husimulia kuwa waliachwa na Wareno, kama ule mchezo wa ng'ombe. Sasa nikiangalia tarehe zako, huyo de Soto na hao Wareno wetu ni karne moja. Meli ikitia nanga huteremsha nguruwe. Na kwetu sisi ndo kabisa, hakuna mtu amlaye, basi yeye azaa tu kwa raha zake.

Dereva_wa_Trekta

Waalaykum salaam shehe wangu. Hiyo ya Pemba umenifungua macho. Ndio, mabaharia walikuwa na tabia hiyo, unaacha nguruwe kisiwani ukirudi unakuta kitoweo. Australia nao waliletwa na meli za kwanza za Waingereza, 1788.

Na visiwa ndo vinaumia zaidi. Hawaii nguruwe wanaangusha miti fulani ya jamii ya kangaga, wanakula wanga wa ndani ya shina, shina linabaki kama mtumbwi, mvua inajaa maji, mbu wanazaliana. Mbu wenyewe walikuja na meli pia karne ya 19. Wale mbu wanaeneza malaria ya ndege, na ndege wa asili wa kule hawakuwahi kuijua malaria, wanapukutika. Nguruwe hajamgusa ndege hata mmoja lakini kamuua. Mimi niliposoma hiyo niliweka simu chini.

Mama Jeni

Jamani malaria mpaka kwa ndege 😢 Kaka lakini kule kwenye baridi si watakufa wenyewe? Canada huko?

Dereva_wa_Trekta

Ndivyo walivyodhani Wakanada. Miaka ya 80 na 90 wakulima walihamasishwa wafuge nguruwe mwitu wa Ulaya waongeze kipato, soko likaanguka miaka ya 2000 mwanzoni, wengine wakafungua mageti wakaenda kulala. Wenzio wanakata matete wanajenga kichuguu, theluji inakifunika, ndani joto. Asubuhi ya baridi kali unaona mvuke unatoka juu. Wako Saskatchewan, Alberta na Manitoba, wananenepa tu.

BwanaMifugo_Makete

Mimi ninachoogopa kwa hao wa Marekani ni siku homa ya nguruwe ya Afrika ikiwafikia. Wengi hapa mnaijua, ikiingia kijiji banda zima chini. Huo ugonjwa kwa mara ya kwanza ulielezwa Kenya, 1921, mtaalamu anaitwa Montgomery. Nguruwe wa walowezi wanakufa wote, ngiri pembeni wanadunda tu. Ikaja kujulikana ngiri anabeba virusi haumwi, na papasi walioko kwenye mashimo yake wanavitunza. Ngiri, papasi na kirusi wamezoeana miaka mingi, nguruwe wa Ulaya ndo mgeni kwenye kikao. 2007 ukaingia Georgia, ile nchi ya kule Kaukazi sio jimbo, ukasambaa Urusi na Ulaya kwa nguruwe mwitu, 2018 ukafika China. Denmark wakajenga uzio mpakani na Ujerumani wa kama kilomita 70 kuzuia nguruwe mwitu tu.

Dereva_wa_Trekta

Na 2021 ukafika Jamhuri ya Dominika na Haiti, yaani pale uani kwa Florida. Wakubwa wa huku hawalali. Wa kwenye mabanda unaweza ukawachinja wote ukapulizia dawa. Hawa milioni sita wa porini utawaambia wakae karantini?

mzee_wa_code

Tumalizie na helikopta maana ndo ilileta ubishi. Na mitego inafanyaje kazi?

Dereva_wa_Trekta

Helikopta ipo kisheria tangu 2011, mtu wa kawaida analipia kiti, anafungwa mkanda, anapiga. 2017 wakaruhusu na puto la hewa moto, nalo sijaona mtu. Helikopta inasaidia kwenye uwazi, vichakani haina kazi, na wale wanaopona wanajifunza. Nguruwe akishapigiwa kelele mara moja anahamia usiku, kundi linavunjika mawili, unakuta badala ya shida moja una shida mbili. Mwindaji anarudi na picha ya dume kubwa mtandaoni. Dume! Dume linatembea peke yake, kuliua hakupunguzi kitu, wenye kundi ni majike.

Mtego wa maana ni boma la duara, chuma, mlango unaning'inia juu, kamera inatuma picha kwenye simu. Unawawekea mahindi wiki mbili tatu mlango wazi, hufanyi kitu, wanazoea. Unawahesabu. Kufunga unafunga kwa simu, siku ambayo wote wameingia, WOTE. Ukimwacha jike mmoja nje ameona mlango unaanguka, huyo hutampata tena maisha yako, na watoto wake anawafundisha.

Sisi sasa hivi tunawalisha kundi la 14. Majike manne, vijana sita, watoto wanne wa mistari. Usiku wa leo tunakesha na simu, nitawapa mrejesho.

Kitimoto_Sugu

Tuko macho. Sinza nzima haijalala.

Dereva_wa_Trekta

Saa tano na nusu usiku. Tisa ndani. Yule jike mweusi kasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, ananusa chuma.

Dereva_wa_Trekta

Saa saba. Kumi na watatu. Mimi nimesema tufunge mzee, kumi na watatu si wengi? Mzee kakataa.

MwanaPemba

Ehe?

Dereva_wa_Trekta

Kumekucha. Jike mweusi hakuingia. Wamekula gunia zima wameondoka, tope limejaa nyayo mpaka kwenye tairi za trekta yangu. Mzee kanituma mjini kununua mahindi mengine.